Pampu Zilizoona Maji Yasiyokuwepo: Kisa cha Mpako wa Fedha Kwenye Bodi za Saketi

Usuli

Kisa hiki ni cha kampuni inayotengeneza vidhibiti vya pampu. Majina, mahali na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa, na idadi ya vituo nimeizungusha. Mimi niliitwa kama mchunguzi wa hitilafu wakati mambo yalikuwa yameshachacha na mteja amegoma kulipa.

Kidhibiti chenyewe hakina maajabu. Elektrodi tatu za chuma cha pua huning'inizwa ndani ya kisima cha majitaka: moja ndefu ya marejeo, moja ya chini na moja ya juu. Maji yakipanda hadi kugusa ile ya juu, mkondo mdogo sana wa umeme hupita kwenye maji kwenda kwenye ile ya marejeo, bodi huona ukinzani umeshuka na kuwasha pampu. Maji yakishuka na kuiacha elektrodi ya chini hewani, ukinzani hupanda na pampu huzimwa. Kizingiti kiliwekwa kwenye kiloomu 50: pungufu ya hapo ni maji, zaidi ya hapo ni hewa. Bodi haijui maji ni kitu gani. Inachojua ni ukinzani tu, na kisa chote kimezaliwa hapo.

Toleo la zamani la bodi hiyo lilifanya kazi miaka mingi bila kelele. Shaba yake ilikuwa imefunikwa kwa njia ya HASL, yaani bodi nzima inachovywa kwenye solda iliyoyeyuka kisha solda ya ziada inapeperushwa kwa hewa moto. Solda yenyewe ilikuwa ya stani na risasi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kupunguza vitu vya sumu, risasi ikiwemo, kwenye vifaa vya umeme, RoHS, ilianza kutumika Julai 1, 2006, lakini vifaa vya viwandani vya kupima na kudhibiti viliongezewa muda hadi Julai 22, 2017. Kampuni ilisubiri hadi dakika ya mwisho. Sikuwalaumu; bodi haikuwa na tatizo.

Mstari mmoja kwenye mchoro

Muda ulipowadia, mchoro wa bodi ulibadilishwa kwa maneno haya: "Mpako wa mwisho: usio na risasi." Basi. Halikutajwa jina la mpako, wala unene, wala mazingira ambamo bodi ingeishi.

Kiwanda cha bodi kilichagua mpako wa fedha wa kuzamisha, na hakikukosea kwa namna kilivyoelewa kazi yake. Fedha ni bapa kuliko HASL, kwa hiyo vijenzi vidogo hukaa vizuri. Solda huipenda. Bei yake ni nafuu kuliko dhahabu juu ya nikeli. Kiwanda kilituma barua pepe kuuliza kama uchaguzi huo unakubalika. Jibu la idara ya ununuzi nililisoma mwenyewe kwenye kumbukumbu: "Sawa."

Mhandisi aliyesanifu saketi hakunakiliwa. Hata angenakiliwa, nadhani naye angejibu hivyo hivyo. Kwa wengi wetu mpako wa mwisho ni jambo la kiwandani: unailinda shaba isioze ghalani mpaka vijenzi viunganishwe, kisha kazi yake imekwisha. Kwa pedi zilizopata solda hilo ni kweli. Lakini kila bodi ina sehemu zisizopata solda kamwe, kama pedi za kupimia, vitundu vya kupitisha umeme kutoka tabaka moja hadi jingine, na pedi za vijenzi ambavyo toleo hilo halina. Hizo hubaki na mpako wao peke yake, mbele ya hewa ya mahali bodi ilipo, maisha yake yote.

Kilichotokea

Bodi mpya zilifungwa kwenye vituo kama ishirini. Mwezi wa nne lilikuja lalamiko la kwanza: pampu imekataa kuzima. Kisima kilikuwa kikavu, elektrodi zinaning'inia hewani, na pampu inaendelea kuzunguka kavu mpaka kinga ya joto ikaikata. Fundi aliibadilisha bodi, mambo yakatulia. Wiki mbili baadaye kituo kingine. Halafu vitatu kwa mkupuo, wiki ya mvua.

Bodi zilizorudishwa ziliwekwa mezani na kupimwa, na karibu zote zikafanya kazi bila kasoro. Kwenye fomu zikaandikwa "haina hitilafu" na nyingine zikarudishwa kwa mteja. Bodi mbili kati ya hizo zilishindwa tena, kwenye vituo tofauti na vya mwanzo. Hapo mteja akaanza kuhisi anadanganywa.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kubadilisha relei, ile swichi ya umeme inayowasha na kuzima pampu. Sababu ilieleweka: pampu isiyozima hufanana na relei ambayo ncha zake zimegandana. Relei mpya zilifungwa, tatizo likabaki. Uamuzi wa pili ulikuwa kuongeza ucheleweshaji kwenye programu, kwamba huenda kuna kelele za umeme kwenye kebo za elektrodi. Huu uliwaumiza. Dalili zilizokuwa za kuja na kuondoka sasa zikafichika kwa wiki kadhaa, takwimu za kila mwezi zikapendeza, na kampuni ikapeleka bodi nyingine zenye mpako ule ule.

Uamuzi wa tatu ulikaribia ukweli lakini kwa njia ya upotoshaji. Fundi mmoja aliisugua bodi kwa brashi na spiriti, ikapona palepale. Wakahitimisha kwamba ni mabaki ya flaksi, kemikali ya kuisaidia solda kushika, kutoka kiwandani. Kiwanda kikashutumiwa, kikabadili flaksi, kikaongeza hatua ya kuosha. Bodi iliyosuguliwa ilidumu wiki tatu.

Siku ya kituoni

Nilipoitwa niliomba mambo mawili: bodi moja iliyoshindwa ambayo hakuna aliyeigusa kwa brashi, na nafasi ya kwenda kituoni.

Kituoni, harufu ya mayai viza ilitupokea mlangoni, kisha baada ya dakika chache hatukuisikia tena. Hiyo ni tabia ya gesi ya hidrojeni sulfidi, yenye salfa ndani yake: pua huinasa ikiwa chache mno, halafu huchoka. Kabati la umeme lilikuwa la daraja zuri, lenye mpira wa kuzuia vumbi na maji mlangoni. Lakini chini yake bomba la plastiki lililobeba kebo za elektrodi lilitoka moja kwa moja kisimani hadi ndani ya kabati, na hakuna aliyeliziba. Mpira wa mlangoni ulikuwa ukitunza gesi ndani.

Nilipofungua kabati niliangalia bodi kwanza. Fundi wa kituo, mzee aliyefanya kazi hapo miaka mingi, alinigusa bega na kunionyesha ubao wa shaba wa kuunganishia waya za ardhi. Ulikuwa mweusi kama sufuria iliyopikiwa kuni.

"Mhandisi, huu ulikuwa mweusi hata kabla bodi zenu mpya hazijafika."

"Kuna mtu yeyote umewahi kumwambia, mzee?"

"Aliyeuliza ni nani?"

Tuliacha ndani ya kabati vipande viwili vya kupimia, kimoja cha shaba na kimoja cha fedha, kwa siku 30. Kiwango cha ISA-71.04 hupanga ukali wa hewa kwa unene wa kutu inayojijenga juu ya vipande vya namna hiyo: kwenye shaba, chini ya angstromu 300 kwa mwezi ni daraja la G1, hewa tulivu, kuanzia 2,000 ni GX, ambako vifaa vya elektroniki havitarajiwi kudumu bila kinga maalumu. Makabati matatu tuliyopima yote yalivuka 2,000. Angstromu 2,000 ni maikromita 0.2, na mpako wa fedha wa kuzamisha kwa kawaida una unene wa maikromita 0.12 hadi 0.4. Tabaka la kutu la mwezi mmoja linaukaribia unene wa mpako wenyewe.

Chini ya hadubini

Bodi ambayo haikusuguliwa ilitufundisha zaidi ya zote. Kuzunguka kila pedi ya kupimia palikuwa na kivuli cheusi-kijivu, kama wino uliomwagikia karatasi mbaya, kimetambaa juu ya rangi ya kijani ya kinga. Pedi ya elektrodi ya chini na kitundu cha ardhi kilicho jirani yake vilitenganishwa na milimita 0.4, na vivuli vyao vilikuwa vimekutana.

Kwenye hewa kavu ya maabara, ukinzani kati ya sehemu hizo mbili ulikuwa zaidi ya megaomu 20. Tuliiweka bodi kwenye chumba cha unyevu, nyuzi 40 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 90. Ndani ya saa moja ukinzani ukashuka hadi kiloomu 30. Kizingiti, kumbuka, ni 50. Bodi iliona maji. Tulipoitoa ikakauka, maji "yakaondoka". Zile fomu zote za "haina hitilafu" zilijazwa mbele ya kiyoyozi.

Jambo la pili ni namna vivuli vilivyoota. Kuna ugonjwa mwingine wa bodi unaofanana kwa mbali na huu, ambapo ayoni za metali husafirishwa na voltiji na kuota matawi kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ugonjwa huo unahitaji umeme na una mwelekeo. Sisi tulikuta vivuli vya mviringo, sawa pande zote, hata kwenye pedi mbili ambazo hazikuunganishwa na chochote. Kwa hiyo si voltiji iliyousukuma uchafu huu.

La tatu ndilo lililowashangaza wenyeji wangu. Walitarajia kukuta fedha. Kila mtu anajua fedha hugeuka nyeusi kwa salfa. Vijiko vya fedha husuguliwa kwa sababu hiyo. Lakini hadubini ya elektroni yenye kipima elementi ilionyesha kwamba kile kivuli ni shaba na salfa, fedha ikiwa kidogo tu karibu na pedi. Mpako wa fedha ulikuwa umechafuka mahali pake. Kilichotambaa kilitoka chini yake.

Kwa nini shaba

Tuliikata bodi, tukaizamisha kwenye resini, tukaisugua hadi ing'ae, tukaiangalia ubavuni. Pembeni mwa pedi, pale rangi ya kinga inapoanza, palikuwa na mtaro mwembamba ulioliwa ndani ya shaba, chini ya ukingo wa rangi.

Mtaro huo ulichimbwa siku bodi ilipotengenezwa. Mpako wa kuzamisha hautumii umeme wa nje. Ayoni za fedha kwenye kimiminika hubadilishana nafasi na shaba, fedha inaketi na shaba inayeyuka. Juu ya pedi kimiminika ni kingi na fedha huketi haraka ikaifunika shaba. Kwenye kona finyu chini ya ukingo wa rangi, ayoni za fedha huisha upesi wala mpya haziingii kirahisi, lakini shaba ya humo huendelea kuyeyuka kwa sababu imeunganishwa na pedi nzima. Matokeo ni ufa usio na fedha, wenye shaba tupu, uliogusana na uwanja mpana wa fedha.

Weka hapo unyevu na salfa. Fedha ni metali adhimu kuliko shaba, hivyo zikigusana kwenye unyevu shaba ndiyo inayoliwa, na kwa kuwa fedha ni pana na shaba iliyo wazi ni kidogo, inaliwa kwa kasi. Sulfidi ya shaba inayozaliwa haikai ilipozaliwa. Husambaa juu ya rangi ya kinga. Mpako uliowekwa kuilinda shaba ukawa mshirika wa kuiangamiza. Kwenye hewa safi ufa ule ule usingemdhuru mtu, na kuna bodi nyingi sana duniani zenye mpako wa fedha zinazoishi vizuri maofisini. Ndiyo maana nakataa kusema fedha ni mpako mbaya.

Maamuzi ya kurekebisha, na moja lililoharibika

Kwa bodi zilizokwishafungwa, uamuzi wa haraka ulikuwa kuziba mabomba ya kebo na kuzipaka bodi vanishi ya kinga. Kuziba kulisaidia siku ile ile. Vanishi ikatuponyoka, na kosa hili ni langu kwa sehemu: niliandika "vanishi ya kinga" kwenye ripoti bila kutaja aina. Duka lao lilikuwa na ya silikoni, inayosifika kwa kuzuia maji. Silikoni huzuia maji ya kimiminika vizuri kweli, lakini gesi za salfa hupenya ndani yake. Bodi kumi na mbili zilipakwa, na baadhi zilipakwa juu ya vivuli vilivyokwishaanza. Miezi mitatu baadaye vivuli vilikuwa vinaota chini ya vanishi, vimehifadhiwa vizuri kama wadudu kwenye kioo. Nilikuwa nimelaumu mstari wenye maneno machache mno kwenye mchoro, nami nikaandika wangu.

Tukahamia vanishi ya akriliki, juu ya bodi mpya zisizo na doa, ikiwa na masharti ya kufunika kingo za pedi zote.

Kwa toleo jipya, mjadala wa mpako ulichukua mkutano mzima, na nafurahi kwamba ulichukua. Mpako wa kikaboni, OSP, uliondolewa mapema: baada ya joto la tanuri ya solda hubaki kidogo tu, na pedi za kupimia zinakuwa shaba tupu kwa maana halisi. Stani ya kuzamisha ilipata watetezi wawili. Iliniogofya kwa sababu ya nywele za stani, zile nyuzi nyembamba za metali zinazoota zenyewe kutoka kwenye stani safi, na saketi yetu yenye ukinzani mkubwa ingetosha kusumbuliwa na unywele mmoja.

Dhahabu juu ya nikeli, ENIG, ilikuwa chaguo la wengi. Nikeli ya maikromita 3 hadi 6 ni ukuta wa kweli mbele ya shaba. Hofu yake inayojulikana ni ile iitwayo pedi nyeusi: kimiminika cha dhahabu kikiishambulia nikeli kupita kiasi, uso wake hujaa fosforasi, solda hushika kwa macho tu, na kiungo kinakatika kwa mtikiso mdogo. Kibaya zaidi, ukaguzi wa kawaida hauioni, kwa sababu dhahabu juu inang'aa. Bodi yetu haikuwa na vijenzi vya kuungwa kwa vitufe chini ya tumbo, ambavyo huumia zaidi, hivyo hofu hiyo ilikuwa ndogo. Hata hivyo tungekuwa tunanunua ubapa ambao hatukuuhitaji.

Tukarudi kwenye HASL, safari hii kwa solda ya stani, shaba na nikeli kidogo, isiyo na risasi. Tabaka lake ni nene, halina ile hatua ya kubadilishana inayochimba ufa, na stani haishambuliwi sana na salfa kwenye joto la kawaida. Waunganishaji walilalamika, na walikuwa na haki: unene wa HASL haulingani, na kijenzi kimoja kilikuwa na miguu iliyopishana milimita 0.5. Kikabadilishwa na ndugu yake mwenye miguu mipana. Vitundu vyote vikafunikwa kwa rangi ya kinga, pedi za kupimia zikapunguzwa kutoka 31 hadi 9, na hizo tisa zikapewa solda wakati wa kuunganisha. Njia ya elektrodi ya chini ilisogezwa mbali na ardhi.

Matokeo na tathmini

Mpaka naandika haya, toleo jipya lina miezi ishirini kwenye vituo vile vile, yakiwemo makabati matatu ya GX, na hakuna pampu iliyokataa kuzima kwa sababu ya kivuli.

Siwezi kuupa mpako sifa yote. Tulibadilisha mambo manne kwa pamoja, yaani mpako, nafasi, pedi wazi na kuziba mabomba, kwa kuwa mteja hakuwa na subira ya majaribio. Kama ningelazimishwa kukisia, ningesema kuziba mabomba na kupunguza pedi wazi vimefanya zaidi ya nusu ya kazi.

Kilichotuokoa ni bodi moja chafu. Kila bodi iliyosafishwa ilikuwa ushahidi uliofutwa, na spiriti ilitibu na kudanganya kwa pamoja. Chumba cha unyevu kingekuwa kimetumika wiki ya kwanza, mwaka mzima ungeokolewa, kwani kifaa kilikuwepo kwenye jengo hilo hilo kikitumiwa na idara nyingine. Mpangilio wa hitilafu nao ulikuwa ukipiga kelele: bodi hazikushindwa kwa umri wala kwa kundi la uzalishaji, zilishindwa kwa kituo. Jedwali la hitilafu lilikuwa na safu ya namba ya bodi na tarehe. Safu ya mahali haikuwepo.

Ucheleweshaji wa programu bado umo ndani ya bodi. Nilishauri uondolewe, nikaambiwa wateja wameuzoea.

Mwezi wa kumi na nne zilirudi bodi mbili. Tulizikimbilia na hadubini tukitarajia vivuli, tukakuta pedi safi. Kilichokatika ni rezista ndogo moja kwenye kila bodi: fedha iliyo ndani ya ncha zake, chini ya nikeli na stani ya nje, imegeuka sulfidi kupitia ufa mdogo pale kioo cha kinga kinapokutana na ncha. Salfa ilikuwa imepata fedha nyingine. Rezista za aina inayostahimili salfa zimeagizwa kwa toleo lijalo, na vipande vya shaba na fedha vimerudishwa ndani ya kabati la yule mzee, ambaye sasa ndiye anayevisoma.